Matt Talbot: Kibarua wa Dublin Aliyetembea Bila Senti Mfukoni

Msimu wa ufuta unapofika, Kiranjeranje huamka mapema. Magunia hupelekwa ghalani, malori husimama kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi, na wakulima husubiri mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Yakishapita malipo ya ufuta, baada ya miezi michache huja malipo ya korosho. Vijana wanaopakia jasi huko Makangaga nao hupokea ujira wao. Hizo ndizo siku za kulipia watoto mahitaji ya shule, kuezeka nyumba na kuweka akiba ya mbegu.

Lakini kila mwanaparokia anajua kwamba siku hizohizo zina nyumba ambazo hazilali. Baba ametoka asubuhi akiwa na fedha za jasho la mwaka mzima, na usiku umeingia hajarudi. Mama anajua alipo. Watoto nao wanajua atarudi katika hali gani. Penye tembo la mnazi, uraka wa mabibo au gongo, fedha ya magunia kumi huweza kwisha kabla ya mwezi kuandama.

Kwa ajili ya nyumba hizo, tunapenda kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa askofu, hakuwa padre, wala hakuwa msomi. Alikuwa kibarua wa kubeba matofali na mbao katika mji wa Dublin, nchini Ireland. Alianza kulewa akiwa na umri wa miaka 12, akaacha akiwa na miaka 28, na akafa akiwa na miaka 69 pasipo kuigusa tena pombe. Jina lake ni Matt Talbot. Tunamkumbuka si kwa sababu aliacha pombe kwa siku moja, maana walioacha kwa siku moja ni wengi. Tunamkumbuka kwa namna alivyoyapanga upya maisha yake ili siku hiyo moja ifuatwe na nyingine, kwa muda wa miaka 41.

Mtoto wa mitaa ya maskini

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa Charles na Elizabeth Talbot. Nchi ya Ireland ilikuwa imetoka punde katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya viazi kushambuliwa na ugonjwa mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi walihama nchi. Katika mji wa Dublin, familia maskini zilijazana katika majumba makuukuu, mara nyingi familia nzima ikiishi katika chumba kimoja. Familia ya Talbot ilihama kutoka nyumba hadi nyumba, na mama alilazimika kufanya kazi za kusafisha nyumba za watu ili watoto wapate kula.

Baba yake, Charles, alikuwa na kazi bandarini, lakini alikuwa mlevi. Karibu watoto wake wote wa kiume walifuata njia hiyohiyo. Matt alisoma kwa muda mfupi tu katika shule ya Mabruda wa Kikristo, na hata muda huo aliuvunja mara kwa mara kwa utoro. Alipofikisha miaka 12 alipelekwa kazini, na kazi aliyoipata ilikuwa katika ghala la wafanyabiashara wa vinywaji, mahali ambapo bia ilitiwa katika chupa.

Hapo ndipo yalipoanzia maangamizi yake. Wavulana wa ghalani walizoea kumalizia mabaki yaliyosalia katika chupa, na Matt akafanya kama wenzake. Haukupita muda mrefu akaanza kurudi nyumbani amelewa. Baba yake, ambaye mwenyewe alikuwa mnywaji, alimwadhibu vikali, kisha akamtafutia kazi bandarini ili awe chini ya macho yake. Lakini huko bandarini palihifadhiwa pombe kali, na mtoto akatoka kwenye bia akaingia kwenye wiski. Kipigo cha baba mlevi hakikuweza kumfundisha kiasi.

Kila mzazi anayemtuma mtoto wake jioni, chupa mkononi, aende kumnunulia pombe kilabuni, na autafakari mwanzo huu. Mtoto hapewi glasi na mtu. Anapewa njia ya kilabuni, naye anaizoea.

Fidla ya mtu maskini

Kwa miaka 16 Matt alifanya kazi kwa bidii na kuyanywa mapato ya bidii hiyo. Hakuwa mvivu. Alikuwa hodari wa kubebea waashi matofali, na wasimamizi walimpenda kwa kuwa aliwatangulia wenzake kwa kasi ya kazi. Siku ya malipo, hata hivyo, ujira wake ulipita mkononi mwake kama maji katika kikapu. Vibarua wengi wa Dublin wa nyakati hizo walipokea malipo na kuishia kilabuni siku hiyohiyo. Mama yake aliambulia shilingi chache, na mara nyingine hakuambulia kitu.

Ujira ulipokwisha, Matt alikopa. Alipokosa wa kumkopesha, aliweka viatu vyake rehani, akarudi nyumbani pekupeku. Kisha ikafika siku iliyomtesa moyoni hadi uzeeni. Alikuwako mpiga fidla, mtu maskini aliyejipatia riziki kwa kupiga muziki mitaani. Matt na wenzake waliichukua fidla yake, wakaiuza, na fedha yake wakainywea.

Waamini wapendwa, ulevi una tabia hii. Kwanza humla mlevi mwenyewe, kisha humla mama yake, na mwisho humla hata maskini asiyehusika. Mtu aliyezaliwa na huruma hugeuka kuwa mwizi wa ombaomba, na asubuhi yake huamka akiwa na aibu isiyotibika ila kwa kunywa tena. Hiyo ndiyo minyororo ya kweli, nayo hujifunga polepole, hata anayefungwa asisikie mlio wake.

Jumamosi ya mwaka 1884

Katika mwaka 1884, Matt akiwa na miaka 28, alikaa wiki nzima bila kazi, na kwa hiyo bila fedha. Siku ya Jumamosi, wenzake walipokuwa wametoka kulipwa, alisimama pamoja na ndugu yake kwenye kona karibu na kilabu, akiwangojea. Alikuwa na hakika kwamba mmoja wao angemkaribisha ndani, kwa kuwa yeye mwenyewe, alipokuwa na fedha, hakumwacha mwenzake na koo kavu.

Walipita mmoja mmoja. Wengine walimsalimu, wengine walitazama upande wa pili. Hakuna hata mmoja aliyemkaribisha. Wale aliowanunulia pombe kwa miaka mingi, akiwanyima mama yake na wadogo zake, walimwacha barabarani.

Matt aligeuka, akarudi nyumbani. Mama yake alishangaa kumwona mchana, tena akiwa na akili timamu. Baada ya chakula alimweleza mama kwamba alikusudia kwenda kuweka ahadi ya kutokunywa pombe. Elizabeth Talbot alikuwa amekwisha kusikia maneno mengi ya walevi katika nyumba yake. Hakumcheka, wala hakushangilia. Alimwonya tu asiiweke ahadi hiyo kama hakuwa na nia ya kuitimiza, kisha akamwombea Mungu ampe nguvu.

Jioni ile Matt alikwenda katika Seminari ya Msalaba Mtakatifu, Clonliffe, akamtafuta padre, akaungama dhambi zake, akaweka ahadi. Asubuhi iliyofuata, siku ya Dominika, alipokea Ekaristi Takatifu katika Kanisa la Mtakatifu Fransisko Xaveri la Mapadre Wajesuiti, baada ya kuwa mbali na Sakramenti kwa muda mrefu.

Miezi mitatu, miezi sita, maisha yote

Hapa inafaa tusimame kidogo. Matt hakuahidi siku ile kwamba hatakunywa maisha yake yote. Aliahidi miezi mitatu tu. Tena miezi hiyo ilikuwa migumu kwake hata akamwambia mama yake kwamba muda ukimalizika angerudi kunywa. Mwili uliozoea pombe kwa miaka 16 ulimdai deni lake kila jioni. Miezi mitatu ilipotimia, aliahidi miezi sita. Ilipotimia hiyo, akaahidi maisha yote.

Alitambua jambo ambalo wengi hulisahau, yaani kwamba saa ya hatari ni ile ya kutoka kazini. Zamani saa hiyo ilikuwa ya kilabu. Sasa ilimpasa kuipatia mahali pengine. Akaanza kutembea jioni hadi kanisa lililo mbali na mtaa wake, akakaa humo akisali mpaka vilabu vifungwe. Alfajiri aliwahi Misa ya kwanza, ndipo akaenda kazini. Hakuiacha siku yake na pengo ambalo ulevi ungeweza kupenyea.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba katika siku zile za mwanzo alishindwa nusura. Alikuwa akitembea akiwa na fedha kidogo mfukoni, akavutwa na kilabu alichokipita, akaingia, akasimama kwenye kaunta. Mhudumu alikuwa ameshughulika na wateja wengine, hakumwona. Matt alisubiri, kisha akazinduka, akatoka mbio, akaingia kanisani na kubaki humo hadi lilipofungwa. Tangu siku hiyo akaweka kanuni ambayo hakuivunja: hakutembea tena na fedha mfukoni. Aliijua nafsi yake, wala hakuona aibu kujiwekea uzio.

Wako wanaodhani kwamba mwenye imani hahitaji uzio. Matt alikuwa na imani kubwa, na kwa sababu hiyohiyo alijinyima nafasi ya kuanguka. Sala haikuchukua nafasi ya busara, wala busara haikuchukua nafasi ya sala.

Baadaye aliacha pia tumbaku, ambayo kwa maelezo yake ilimshinda kuiacha kuliko hata pombe. Akaanza kulipa madeni yake, kilabu kwa kilabu. Na yule mpiga fidla? Matt alimtafuta kwa miaka mingi, hata katika nyumba za kuwatunzia maskini, asimpate. Hatimaye alitoa fedha ili Misa ziadhimishwe kwa ajili ya roho yake. Toba yake ilitaka kurudisha kilichoibwa, na pale isipowezekana kurudisha, iliomba.

Kibarua mwenye vitabu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia, Matt alifanya kazi katika ghala la mbao la T. & C. Martin. Mtu ambaye hakukaa darasani alijizoeza kusoma pole kwa pole, akasoma Maandiko Matakatifu, maisha ya watakatifu, hata Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Alipokutana na neno gumu aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akamwuliza padre. Mwaka 1890 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ambamo walei huishi roho ya Fransisko wakiwa katika nyumba na kazi zao.

Hakuoa. Baada ya baba yake kufariki aliishi na mama yake, akimtunza hadi mama alipofariki mwaka 1915. Alilala juu ya ubao, akiegemeza kichwa kwenye kipande cha gogo, akaamka usiku kusali. Alitumia kidogo sana kwa mahitaji yake. Kilichobaki aliwapa majirani wenye shida na kazi za kimisionari. Mgogoro mkubwa wa wafanyakazi ulipotokea Dublin mwaka 1913, vibarua wengi wakakosa kazi kwa miezi kadhaa, na Matt aliigawa posho aliyopata kutoka chama cha wafanyakazi kwa wenzake waliokuwa na watoto. Mkono uliouza fidla ya maskini sasa uliwalisha watoto wa maskini.

Wenzake hawakumwona kuwa mtu wa ajabu. Walimjua kuwa kibarua mcheshi wa kiasi, mchapakazi, asiyependa matusi, asiyezungumzia sala zake.

Kifo njiani

Tangu mwaka 1923 afya yake ilidhoofika kwa ugonjwa wa moyo, na alilazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Tarehe 7 Juni 1925, Sherehe ya Utatu Mtakatifu, alikuwa akienda Misa katika kanisa la Wadominikani alipoanguka katika kichochoro kiitwacho Granby Lane. Alifia pale pale. Hakuna aliyemtambua, maana mfukoni hakuwa na kitu cha kumtambulisha ila rozari na kitabu cha sala.

Mwili wake ulipokuwa ukitayarishwa kwa maziko, palikutwa minyororo aliyoivaa chini ya nguo, ishara ya toba na ya kujitoa kwa Bikira Maria. Watu wengi hawakuwa wameijua. Kanisa halitutaki tuige minyororo hiyo. Mambo kama hayo hayafanywi pasipo mshauri wa kiroho. Lakini yatupasa kuielewa. Mtu aliyefungwa zamani na chupa alichagua mwenyewe ni nani atakayemfunga.

Tarehe 3 Oktoba 1975, Papa Paulo VI aliidhinisha tamko kwamba Matt Talbot aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, naye akapewa cheo cha Mheshimiwa, hatua inayotangulia kutangazwa Mwenyeheri. Masalia yake yamehifadhiwa katika Kanisa la Bikira Maria wa Lurdi, Dublin, na waliotekwa na pombe pamoja na dawa za kulevya, katika nchi nyingi, wanamkimbilia kwa sala.

Neno kwetu sisi wa pwani ya Lindi

Kanisa halifundishi kwamba divai ni dhambi. Bwana wetu aliigeuza kuwa Damu yake. Katekisimu inatufundisha fadhila ya kiasi, ambayo hutuepusha na kila matumizi ya kupindukia, na inayataja matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito, kwa kuwa yanaharibu afya na uhai. Lakini kwa mtu ambaye pombe imekwisha kumtawala, kiasi chake ni kutokuionja kabisa. Matt alilikubali hilo. Glasi moja kwake haikuwa moja.

Tuishio Kiranjeranje na vijiji vya jirani tuko wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, ambao dini yao inawakataza kileo. Mkatoliki anayeyumba barabarani siku ya malipo anawahubiria majirani injili ambayo Kristo hakuituma. Hata hivyo, balaa hili halibagui dini. Heroini na bangi zimeingia katika miji ya pwani, na nyumba za imani zote zinalia kilio kimoja.

Tukumbuke pia kwamba uraibu ni ugonjwa, pamoja na kwamba mara nyingi huanzia katika uchaguzi mbaya. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Huyo apelekwe kituo cha afya, asifungiwe ndani. Gongo nayo ina hatari yake ya pekee, maana isiyopikwa vyema huweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Kwa waraibu wa heroini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa tiba ya methadoni, na huduma hiyo imeenea katika mikoa mingine. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Ndivyo alivyopona Matt vilevile: siku moja, kisha nyingine.

Na sisi tulio wazima tuna wajibu wetu. Baba na mama wapange matumizi kabla fedha ya ufuta haijafika, na waende pamoja kuipokea. Anayejua udhaifu wake asione haya kumwachia mkewe fedha yote. Matt hakuona haya. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimtembelee anayejaribu kuacha hasa saa ile ya jioni, zimpatie mahali pa kuketi na watu wa kuzungumza nao. Asichekwe akianguka, maana kicheko cha wanajumuiya humrudisha kilabuni upesi kuliko kiu. Arusi na matanga yetu yasiwe mtego kwake. Na mama anayeomba kwa ajili ya mwanawe mlevi, akidhani Mungu hasikii, amkumbuke Elizabeth Talbot, aliyesubiri miaka 16 kabla ya Jumamosi ile.

Siku ile, marafiki wote walipita, na Matt akabaki peke yake kwenye kona. Alipogeuka, ulikuwako mlango wa mama uliokuwa wazi, na padre aliyekuwa tayari kumsikiliza. Kona kama ile ziko nyingi barabarani kwetu. Mwenyezi Mungu atujalie kwamba atakayegeuka kutoka huko aukute mlango wa nyumba yake, na mlango wa kanisa letu, haujafungwa.